Saini ya Fundi Umeme

Basi la kwenda hospitali ya rufaa lilikuwa nusu tupu, na mzee mmoja mgane, kiti cha nyuma, alisikia kila neno bila kutega sikio. Mbele yake walikaa fundi umeme na dada yake, mshona nguo. Karatasi ya idhini ya matibabu ya dada ilikuwa gotini kwa fundi. Hospitali ilitaka na saini ya ndugu, maana wenye ofisi hawamwamini mtu hata juu ya kichwa chake mwenyewe.

“Kaka, usiposaini leo kitanda anapewa mwingine. Sonona miaka sita, dawa aina nne, na bado asubuhi viatu vinanishinda kuvaa. Wananilaza usingizi kwanza, ndipo wanapitisha umeme kichwani.”

“Mimi umeme umenipiga mara tatu, na sijashuka nguzoni nikicheka hata siku moja.”

“Wewe ulipigwa kwa uzembe. Mimi nitapigwa kwa vipimo.”

Mgane nusura acheke.

“Na ukisahau jina langu?”

“Daktari hakunificha, naweza kusahau mawili matatu. Lakini leo jina lako nalikumbuka, kaka, ila hamu ya kukuita ndiyo sina.”

Fundi akageuka nyuma. “Mzee wangu, ingekuwa wewe ungesaini?”

Mke wa mgane aliugua ugonjwa huohuo. Wakubwa wa hospitali walimwambia mashine ya umeme huo ni mbovu, arudi mwezi ujao, na mwezi ujao tena, mpaka akazikwa.

Basi likasimama getini. Dada mtu akatangulia kushuka.

“Mimi, mwanangu,” alisema mgane, “hiyo karatasi sikuletewa.”