Siku Tuliyomkimbia Sajini

Mgeni rasmi, Meja, mama yetu mjane wa marehemu, ndugu wa familia, askari mliofuatana na mgeni, mafundi wenzetu:

KARIBU

Sisi mafundi wa gereji tunakukaribisha kwa mara ya pili, Meja. Mara ya kwanza, siku ya maziko, hukuziona nyuso zetu. Uliona migongo. Leo umekuja kulifunua jiwe la kaburi la Sajini, nasi tumejisugua kuondoa grisi mpaka viwikoni na kusimama mahali unapoweza kututazama, ingawa kwetu kukutazama si rahisi.

HISTORIA YA MAREHEMU

Sajini alikuja gereji alipostaafu jeshi, akiwa na cherehani na mkoba wa sindano nene. Alipewa kibanda cha pembeni, kati ya fundi tairi na mama wa chai, akashona viti vya magari. Kiti kikipita mikononi mwake, hata mwenye gari hakuweza kukuonyesha palipokuwa pamechanika. Habari za vita hakutusimulia. Ukimuuliza alisema, "Kulikuwa na kelele, mwanangu," kisha akakuomba usimkingie mwanga.

MAFANIKIO

Hapa ndipo risala hutaja majengo na visima. Sisi tunamtaja mama wa chai, kwamba yu hai.

Kila tairi lilipopasuka, Sajini alijitupa chini. Na hakuanguka peke yake. Alimkumbatia aliyekuwa karibu, mteja au fundi, akaanguka naye na kumfunika kwa mwili wake. Chai ilimwagika, suruali za watu zikachafuka, nasi tukacheka mpaka tukashika mbavu. Tukamwita Mzee Lala. Fundi bodi alizoea kugonga bati makusudi nyuma yake. "Mzee Lala, vita vimekwisha, amka unywe chai." Naye alijipangusa vumbi, akasema, "Ipo siku mtalala wenyewe, na mimi sitawacheka."

Siku kompresa ya kujazia matairi upepo ilipopasuka, kipande cha chuma kilipita palepale kilipokuwa kichwa cha mama wa chai, kikakita ukutani. Mama wa chai alikuwa ameshalazwa chini, Sajini yuko juu yake. Siku hiyo hatukucheka. Lakini jina hatukuliacha. Kesho yake tulimwita vilevile.

CHANGAMOTO

Asubuhi ya maziko, Meja, ulimwambia mwenyekiti wetu kwamba askari watafyatua risasi hewani kwa heshima ya marehemu, ukamwomba atutangazie. Akakujibu, "Usiwe na shaka, mkuu. Sisi watu wa gereji, milipuko ndiyo redio yetu." Hakutangaza.

Yaliyofuata uliyaona. Mlio wa kwanza tu, wengine tulilala mtaroni, wengine tukaruka ukuta. Mwenyekiti alipoteza kiatu. Katibu, anayekusomea risala hii, aliingia chini ya lori lililoleta viti. Fundi bodi alikuwa ameshika koleo la kufukia kaburi. Alilitupa akatimua mbio. Ikawa kila mtu na roho yake. Hakuna aliyemvuta mwenzake. Hakuna aliyemkumbuka mama yetu mjane, aliyebaki amesimama kando ya shimo.

Tulipopata uso wa kurudi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Askari ambao hawakuwahi kunywa naye chai ndio waliomzika, na mama mwenyewe alikuwa na koleo la fundi bodi mkononi.

Tulikwenda nyumbani kumwomba radhi. Alitupokea mlangoni, kwa upole, akasema, "Msijisumbue, wanangu. Miaka yote aliwataka mlale, hamkumsikia. Siku yake mmelala." Akaurudishia mlango. Angetutukana, ingekuwa afadhali. Mpaka leo kibanda cha pembeni hatujampa mtu, na tukipita pale tunainamisha vichwa kama wezi.

MAOMBI

Tulipokaa kuandika risala hii, wapo waliosema tusiache bahati, tuombe lami na taa. Mama wa chai akasema, "Mkiomba taa juu ya kaburi la yule mzee, chai mtajipikia." Hatuombi taa.

Tunaomba askari wako wafyatue tena. Tunajua heshima hii hutolewa siku ya maziko, wala hairudiwi kwa sababu waombolezaji walikimbia. Tunaomba hivyohivyo. Safari hii tumetangaziana wenyewe, na viti hatukuleta, wala lori.

Kisha, udongo wa kaburi umetitia. Makoleo tunayo. Mama akiridhia, tunaomba tuujaze kwa mikono yetu kabla hujalifunua jiwe. Yeye hajatujibu. Tulimwomba leo asimame katikati yetu, na amesimama, kama unavyomwona.

Meja, hatuwezi kukuahidi kwamba hatutashtuka. Tumeshajijua. Lakini milio ikituangusha, tutaanguka kama alivyoanguka yeye, tukiwa tumemfunika mama.

Mungu amlaze Sajini mahali pasipo na kelele. Akurudishe salama wewe na vijana wako. Nasi atupe miguu ya kusimama, kwa muda wa milio hiyo tu.

Tuko tayari.

Ni sisi,
Mafundi wa Gereji na Mama wa Chai,
majirani wa kibanda cha pembeni.