Mzee Taratibu, Mfugaji Aliyekataa Kuuza Ugonjwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama mmekaa, kaeni. Kama mko kazini, endeleeni na kazi huku mkitusikiliza, maana tunayemkumbuka leo hakupenda mtu aache kazi kwa ajili yake. Sauti yangu imekwaruza, mnisamehe. Jana nilikuwa mazishini, na njia ya kwenda kule ni vumbi tupu, kwenda na kurudi.

Tunamkumbuka mfugaji wa ng'ombe. Mume wa mke mmoja. Baba wa watoto sita: wanne aliwazaa, wawili waliachwa na marehemu kaka yake. Amefariki akiwa na umri wa miaka themanini na minane, na karibu yote aliitembea nyuma ya ng'ombe. Jina lake la kuzaliwa wengi hawakulijua. Walimwita Mzee Taratibu.

Taratibu ndilo lilikuwa neno lake. Ng'ombe wakisukumana langoni, "Taratibu!" Watoto wakigombania nyama, "Taratibu!" Mkwewe akija na gari kwa fujo, mzee alimngoja ashuke, akamwambia, "Taratibu, bwana. Kaburini hawafungi mlango."

Ranchi ile aliirithi kwa baba yake angali kijana. Usidhani alirithi utajiri, msikilizaji. Alirithi ardhi kavu, kisima kimoja, na ua wa waya uliooza. Mjane wake, bibi mdogo wa umbo mwenye mikono mikubwa, alinisimulia tukiwa jikoni kwake. "Wenzangu walipoolewa walipewa maua," alisema. "Mimi nilipewa ua. Ua wa waya. Akaniambia, shika hapo, mama, tukaze."

Wakakaza. Nguzo baada ya nguzo, mwaka baada ya mwaka. Watoto walizaliwa, mitamba wakazaa, zizi likapanuliwa. Kaka yake alipofariki, mzee alikwenda kuzika akarudi na watoto wawili nyuma ya gari. Mkewe alitoka mlangoni, akawatazama, akauliza swali moja tu: "Wamekula?" Basi. Habari ya nani mtoto wa nani ikaishia hapo.

Ng'ombe wakafika zaidi ya mia mbili. Mzee akawa mtu wa kuheshimiwa. Kisha ukaja ule mwaka wa kikohozi.

Wasikilizaji, hapa nataka tuende polepole, maana ndipo maisha yake yalipopinda.

Asubuhi moja alimsikia fahali wake akikohoa. Siku chache baadaye, ng'ombe watatu wakawa wanakohoa, shingo wamezinyoosha, pua zinatoka maji. Mzee aliujua ugonjwa ule. Ni homa ya mapafu ya ng'ombe. Huambukiza kwa pumzi. Ng'ombe mgonjwa akisimama karibu na mzima, mzima naye amekwisha.

Na wiki ileile mchuuzi wa ng'ombe alikuwa njiani na malori yake. Alikuwa ameshaagiza ng'ombe wa mzee. Wengi wao kwa macho walikuwa wazima bado, wamenona, manyoya yanang'aa.

Binti yake wa kwanza, kifungua mimba wa nyumba ile, alikuwa msichana mkubwa wakati huo. Anasema wazazi wake waliongea mezani, mbele ya watoto wote.

"Uza, mume wangu," mama alisema. "Malori yanakuja. Hakuna aliyesikia hicho kikohozi ila sisi."

"Nimuuzie nani ugonjwa?"

"Sijasema ugonjwa. Nasema wale wazima."

"Wazima leo. Watashushwa mnadani, watapumua na ng'ombe wa watu."

"Na watoto hawa sita watapumua nini?"

Binti anasema baba yake alikaa pale mpaka chai ikafanya utando juu. Halafu akasimama, akachukua kofia, akaenda mwenyewe kumwita daktari wa mifugo.

Daktari alikuja, akapima, akatingisha kichwa. Amri ikatoka: zizi lote liteketezwe. Lote, wasikilizaji. Wagonjwa na wasiokohoa. Ng'ombe zaidi ya mia mbili, wote kuuawa. Mzee aliomba jambo moja tu, awatoe yeye mwenyewe zizini, maana wakitolewa na wageni wangeogopa. Akawatoa. Mmoja mmoja, kwa majina yao. Watu waliokuwepo wanasema hakuinua sauti hata mara moja. Taratibu, taratibu. Na ng'ombe wakamfuata, kama walivyomfuata siku zote.

Mngetarajia majirani waje na pole, siyo? Hawakuja. Waliogopa. Mtu akimwona mzee barabarani alivuka upande wa pili, kana kwamba kikohozi kimemkaa kwenye koti. Shuleni watoto wake waliitwa "wakohozi". Kijiji kizima cha kando ya barabara kilisema mzee amejiletea balaa kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba angenyamaza tu.

Ranchi ikawa kimya. Mama akaanza kushona nguo za watu. Mzee akaenda kufanya kibarua kwenye josho, kule ng'ombe wanakopitishwa kwenye dawa ya kupe. Mtu aliyekuwa na mifugo yake, sasa anafungua lango ng'ombe wa wengine wapite.

"Nilikuwa nampelekea chakula," binti alinieleza. "Siku moja nikamkuta ameegemea lango, amefumba macho, amesimama. Nikamwuliza, baba umechoka? Akasema, nimechoka, mwanangu, lakini ng'ombe hawajui. Akafungua lango."

Maisha yale yaliendelea hadi mvua za mwaka wa pili. Sasa sikilizeni. Ng'ambo ya ua wake aliishi jirani mmoja, mfugaji naye, bwana mrefu mwenye maneno makali. Yeye na Mzee Taratibu walikuwa hawasalimiani. Walikosana zamani kwa sababu ya fahali aliyevunja ua, na kila mmoja alisema fahali wa mwenzake ndiye aliyeanza. Miaka imepita, ua umetengenezwa, salamu bado.

Jirani huyo akaja langoni, amemshika mtamba kwa kamba. Mtamba mwenye mimba. Mzee alikuwa anapasua kuni.

"Huyu si zawadi," jirani akasema, bila hata hodi. "Ni msumbufu. Anaruka ua. Na mtaalamu wa ugomvi wa ua hapa ni wewe."

Mzee akamtazama ng'ombe. Akamtazama jirani.

"Ana kiburi kama mwenyewe," akasema.

"Ndiyo maana nimemleta kwa mwenzake."

Mama alikuwa dirishani. Anasema wale wanaume wawili walicheka, halafu kicheko kikakatika, halafu mumewe akashika kamba na kugeuka upande wa ukutani kwa muda mrefu. Mama akaacha kushona, akaweka maji motoni.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Yule mtamba alizaa jike. Watu walipoona jirani yule mkali amefika kwa mzee akarudi salama, na wao wakaanza kuja. Zizi likajaa tena, ingawa halikufikia kamwe hata nusu ya lile la kwanza. Mzee hakulalamika. Maji ya kisima chake aliyafungulia kila mwenye kiu miaka ya ukame. Ng'ombe wa mtu yeyote akishindwa kuzaa, walimwita yeye. Mvua, jua, sikukuu, aliitwa akaenda. Watoto sita wakasoma, wakaoa, wakaolewa. Mtoto mmoja wa yule kaka marehemu leo ni daktari wa mifugo.

Miaka ya mwisho magoti yalimwishia nguvu na masikio yakawa mazito. Watoto walimwambia apumzike. Aliitikia vizuri sana, "Sawa, wanangu," na kesho yake wakamkuta zizini.

Jumatatu iliyopita alitoka malishoni asubuhi, akaketi kwenye benchi la barazani kuvua mabuti. Alivua moja. Mama alikuwa anamimina chai.

"Nikamwambia, vua na la pili, chai inapoa," mama alinisimulia. "Hakujibu. Nikadhani hajasikia, si unajua masikio yake. Nikasema tena kwa sauti. Nilimkasirikia kidogo, mwanangu. Nilikuwa nimekasirika wakati mwenzangu keshaondoka."

Jana kaburini, palepale ranchini, yule jirani mrefu alisimama kwa msaada wa fimbo. Naye sasa ni mzee sana. Alisema maneno machache. "Mwaka ule nilikuwa na ng'ombe mia moja ng'ambo ya waya. Wangekufa wote. Mtu huyu aliwaokoa akijua mimi simsalimii." Akakaa.

Na binti wa kwanza aliongea kwa niaba ya familia. Alisema hivi: "Baba hakupumzika, na sisi sote tulimsifu kwa hilo. Leo najiuliza, tulikuwa tunamsifu au tunamwongezea mzigo?"

Na hapo ng'ombe wakaanza kulia zizini. Saa ya kukamua jioni ilikuwa imepita na sote tulikuwa tumekaa. Mama akashika kiti ainuke, kama alivyoinuka maisha yake yote. Binti akamwekea mkono begani akamrudisha. Akavua viatu vyake vya msibani, akaenda. Wadogo zake wa kiume wakakunja mikono ya mashati meupe, wakamfuata. Hata majirani, watu wazima na suti zao, wakaenda kuuliza ndoo ziko wapi. Mama akaingia chumbani, akalala. Tulipoondoka alikuwa bado amelala, na watu walikuwa wanaongea kwa kunong'ona.

Kwa mama yetu, kwa watoto wote sita, kwa wajukuu, kwa jirani wa ng'ambo ya ua, na kwa wafugaji wote wa kule: poleni sana. Mwenyezi Mungu awape nguvu, na amlaze mzee wetu mahali pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo mkifika nyumbani, mtazameni yule mmoja ambaye hajawahi kusema amechoka. Kila nyumba anaye. Msimsifu. Mpokeeni mzigo.