Mfuko wa Nne wa Bi Kipimo

Wasikilizaji wapendwa, uzi umekatika kwa mara ya tatu. Binti ameinama juu ya cherehani ya marehemu mama yake, analowesha ncha ya uzi kwa mate na kulenga tundu la sindano. Mbele yake ipo pochi ya kitambaa cha bluu. Mifuko mitatu imeshashonwa. Wa nne umebanwa kwa pini tu. Mama yake aliuacha hivyo Jumanne iliyopita, akaenda kujinyoosha kidogo, asiamke tena.

Mama huyo ni fundi tuliyezoea kumwita Bi Kipimo, maana alipima mara tatu ndipo akashika mkasi. Alishona miaka thelathini na mmoja katika chumba chenye dirisha moja. Cherehani hiyo hiyo ililea watoto watatu.

Lakini siku moja alikosea. Mteja alivaa gauni lake la sherehe, akajitazama kwenye kioo, akajigeuza.

"Fundi," alisema, "kwani mimi nina mikono miwili ya kushoto?"

Kweli. Mikono yote miwili ilikatwa ya upande mmoja. Macho ya Bi Kipimo yalikuwa yamefifia. Pesa za miwani alishazipata, tena mara tatu. Mara ya kwanza zikawa viatu vya shule. Mara ya pili zikawa godoro. Mara ya tatu hata hakukumbuka zilikopitia.

Mdogo wake, mama mdogo wa binti, hakumbembeleza, na mwenyewe anasimulia: "Nilimwambia, dada, cherehani unaitia mafuta kila Ijumaa. Wewe anakutia nani? Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini si akanyolewe na mwenzake?"

Bi Kipimo alicheka. Alimlipa mteja kitambaa chake, na kwa vipande vilivyoharibika akashona pochi ya mifuko minne. Wa kwanza, chakula. Wa pili, shule. Wa tatu, dharura. Wa nne, mama mwenyewe: macho yake, meno yake, mgongo wake. Kifungo cha mfuko huo wa nne alikipa tundu jembamba makusudi, kisifunguke kwa mkono mmoja.

"Mkono mmoja una haraka," alisema. "Miwili hupata nafasi ya kufikiri."

Binti alikuwa na miaka kumi na miwili. Darasa lake lilikuwa na safari, na pochi ilikuwa mezani.

"Mama, si zimo humo?"

"Zimo. Ila huo si wako, mwanangu."

Safari ikampita. Mwezi huo mama akarudi na miwani puani.

"Nilinuna wiki nzima," binti anasema. "Nilimwambia kwamba mama za wenzangu hujinyima. Akaniuliza, nikijinyima macho, mwakani utavaa nini?"

Mwakani alivaa sare mpya. Na mwaka uliofuata. Miwani ile, wasikilizaji, ndiyo iliyowamalizisha shule watoto watatu.

Tangu hapo, kila mama aliyejifungua mtaani alishonewa pochi. Mifuko minne, na kifungo kigumu. Bi Kipimo hakudai hata shilingi.

Miezi minne iliyopita binti naye alijifungua. Mgongo unamuuma tangu siku ile. Nesi alimwambia arudi apimwe. Ameahirisha mara mbili: mara ya kwanza nepi, mara ya pili kodi ya nyumba. Bi Kipimo aliona. Alichukua tu kitambaa cha bluu, akaanza kupima.

Kwa binti, kwa ndugu zake wawili, na kwa mama yao mdogo: poleni sana. Msiba wenu tumeuhisi, na wengi wetu tumevaa kazi ya mikono yake. Nawe mama unayetusikiliza huku umempakata mtoto, mfuko wako wa nne una nini? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe.

Uzi umepita sasa. Lakini mtoto ameamka, analia.

"Mlete mwanangu nimnyonyeshe," binti anamwambia mama yake mdogo.

"Na pochi?"

Binti anatoa noti alizotenga kwa ajili ya kupimwa. Anazikunja, anazitia katika mfuko wa nne, anaurudishia pini ya mama yake. Anatumia mikono yote miwili. Kisha anaifunika cherehani.

"Kesho naanzia kwa nesi," anasema. "Nikirudi nitashona."