Fartun Dubow, Mwalimu Aliyenenepa Mwaka wa Ukame

Wasifu huu umesomwa na mdogo wake, Noordin Dubow. Garissa, Ijumaa, 13 Novemba 1998.

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tunarejea. Marehemu dada yetu, Fartun Dubow Kulow, alizaliwa Modogashe mwaka 1958, binti wa kwanza wa mfanyabiashara wa ngamia, Mzee Dubow Kulow, na mkewe Mama Hasna.

Baba alipokuwa akihama na mifugo, Fartun alikaa kwa shangazi hapa Garissa ili asome. Siku moja shangazi alimkuta uani amewapanga mbuzi ukutani akiwafundisha irabu. Mmoja alikuwa amefukuzwa darasani kwa kupiga kelele.

Alihitimu ualimu mwaka 1977, akafundisha Wajir, kisha akahamishiwa Garissa mwaka 1983. Mwaka 1980 aliolewa na Salah Gelle, dereva wa malori ya mifugo. Walijaliwa watoto wawili, Abdiqani na Ramlo.

Mwishoni mwa 1990 alianza kugonga mabega milangoni, kwa kuwa macho hayakuona tena pembeni. Februari 1991 madaktari wa Nairobi walimtoa uvimbe chini ya ubongo. Macho yakarudi, alhamdulillahi. Lakini ikaja njaa isiyojua kushiba. Alimaliza kula na kumwambia Salah, "Wallahi, ni kama sijagusa kitu."

Ukame wa 1992 ulimkuta ndiye anayeshika ufunguo wa stoo ya chakula cha msaada shuleni. Watoto walikonda, walimu walikonda, yeye akanenepa. Mzazi mmoja, Faduma Warfa, alimwambia mbele ya foleni ya uji: "Mwalimu, watoto yetu inakauka, wewe unafura. Chakula inaenda wapi?"

Fartun alimkabidhi ufunguo, akaenda nyumbani, akalia. Muhula mzima Faduma alishika stoo. Magunia yaliisha kwa kasi ile ile, na mwalimu akazidi kunenepa, ingawa sasa alijinyima akala kidogo kuliko watoto wake.

Salah akamrudisha Nairobi. Daktari aliwaeleza kwamba chini ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopokea habari za mwili: tumbo limejaa au la, akiba ya mafuta ni kiasi gani. Kwa Fartun sehemu hiyo iliumizwa na ule uvimbe. "Habari zinafika, wa kuzipokea hayupo," alisema. "Ubongo unaamini unakufa njaa. Unakudai chakula, na wakati huo huo unauamuru mwili usitumie akiba yake. Si ulafi, mama."

"Kwa hiyo kichwa changu kiko kwenye ukame," Fartun akasema, "na mwili wangu uko kwenye mvua."

Daktari alicheka. Salah anasema naye alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Kwenye mkutano wa wazazi dada yetu alisimama akayaeleza hayo yote, taratibu, kama anavyofundisha darasa la tatu. Jioni Faduma alikuja, akabaki mlangoni.

"Abaayo, dada yangu, nilikukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini jicho lako ni kali, na mimi nalihitaji. Chakula cha nyumba yangu kikae kwako."

Basi kwa miaka sita familia hizo mbili zilikula pamoja. Sahani ikiisha, Faduma alisema, "Umeshiba." Fartun alijibu, "Kama umesema wewe, nimeshiba." Unene haukuondoka, ila uliacha kuongezeka. Alifundisha akiwa ameketi, na watoto waligombania kumbebea kiti. Alituambia mara nyingi kwamba hakuwahi kuwa na miaka mizuri kama hiyo.

Baada ya mafuriko ya mwanzoni mwa mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Alifariki jana, Alhamisi, alfajiri, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ramlo. Tumemzika leo baada ya sala ya Ijumaa.

Ameacha mume, Salah. Watoto, Abdiqani na Ramlo. Mama yetu, Hasna. Nami mdogo wake. Ameacha pia Faduma Warfa, ambaye tangu jana hajatia kitu kinywani. Mama yetu amemketisha kando yake, amwandalie chakula mwenyewe.

Mwenyezi Mungu alipanue kaburi lake na ampe raha asiyohitaji kuambiwa kwamba ameipata. Amin.