Barua ya Onyo ya Mama Nipeleke

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, saa kumi jioni, mkuu wa meza ya kemshafti katika karakana yetu atavua ovaroli lake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne na miezi minne ya kazi. Sote tunamwita Mama Nipeleke, hata meneja. Nimeombwa mimi niandike wasifu wake kwa jarida letu la wafanyakazi, kwa kuwa nimekaa naye meza moja miaka ishirini na mmoja, na Jumatatu mimi ndiye nitakayekishika kiti chake. Nimeandika mara nne, nikachana mara nne. Nimekaa, nimesimama, nimechemsha chai ambayo sikuinywa. Sababu ni hii: faili lake lina barua moja tu ya onyo, barua hiyo imemnyima cheti cha utumishi usio na doa, na kosa lililoandikwa humo ni langu mimi.

Nitalieleza. Lakini kwanza kazi yake, maana mtu kama huyu hastahili wasifu ulioandikwa roho juu.

Alianza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Ndani ya miaka sita alikuwa anasaga kemshafti kwa mkono wake. Kwa wenzetu wa ofisi ya mbele ambao hawajawahi kuishika: ni mhimili wenye nundu, unaozunguka ndani ya injini na kufungua valvu ili hewa na mafuta viingie, moshi utoke. Nundu zikiwa kubwa, injini hupata nguvu nyingi ikizunguka kwa kasi sana. Ikizunguka polepole, injini hiyo hiyo hutetemeka, hukohoa, na huzimika kwenye foleni. Kwa hiyo kumchagulia mtu shafti ya gari la kwendea kazini ni kazi ya kumjua mtu mwenyewe. Na wateja, jamani, wateja wote hutaka ile kubwa kuliko zote!

Mama alizitundika shafti ukutani kwa ukubwa, na ile kubwa kabisa akaiweka juu, karibu na dari, makusudi. Aliyeitaka ilibidi asubiri ngazi kutoka upande wa kupaka magari rangi, na watu wa rangi hawajawahi kuharakisha kitu tangu nilipowajua. Nusu ya wateja walibadili mawazo kabla ngazi haijafika. Waliobaki aliwaambia neno moja, nalo ndilo lililompa jina: nipeleke. Nipeleke kazini kwako, kisha unirudishe. Akaketi kiti cha mbele na daftari magotini, akahesabu taa za barabarani waliposimama, mizigo iliyokuwa kwenye buti, na mahali sindano ya mizunguko ya injini ilipokaa muda mrefu.

Bwana mmoja alijitapa njia nzima kwamba yeye ni mtu wa kasi. Daftari lilionyesha kuwa kwa dakika arobaini alifika gia ya tatu mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa anateremka mlima. Mama akamweleza, bila kucheka, kwamba shafti huchaguliwa kwa mwendo anaoishi nao mtu, si ule anaouota. Akampa ya pili kutoka chini. Bwana aliondoka amenuna. Mwaka uliofuata alimleta shemeji yake, na ndiye aliyemwambia shemeji afungue mlango wa mbele, Mama aingie.

Ametufundisha mafundi kumi na mmoja. Jedwali lake la uzito wa gari, gia na mizunguko, aliloliandika kwa mkono, bado liko ukutani, na wahandisi wenye vyeti vyao huja kulinakili wakijitia hamnazo. Ofisi ya mauzo amegombana nayo kila mwezi. Kila mwezi ameshinda.

Haya, nimefika penyewe.

Ilikuwa mwaka wangu wa nne hapa. Sikuwa kijana wa kusamehewa ujinga: nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, mke na watoto wawili. Mama alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake kwa siku tatu. Akaja mwoka mikate mmoja, mtu wa maneno matamu, gari lake limejaa trei mpaka dirishani. Alitaka injini ingurume majirani wajue amepita. Akanivika kilemba cha ukoka, eti amesikia mimi ndiye fundi hasa na yule mama ni mwoga tu. Nikavimba kichwa. Nikaileta ngazi mwenyewe. Nikamfungia shafti ya juu kabisa, na kwenye fomu, penye swali kama fundi amepitia njia ya mteja, nikaweka tiki. Sikuwa nimepita hata mtaa mmoja. Mama aliporudi, aliiona tiki yangu, akaniamini, akatia saini.

Breki za magari mengi husaidiwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Shafti kubwa mno, gari likienda polepole, huupunguza mvuto huo, na kanyagio la breki huwa gumu kama jiwe. Mimi nililijua hilo. Asubuhi ya nne baada ya saini hiyo, mwoka mikate alikanyaga breki kwenye makutano, gari likaendelea kwenda, likagonga nguzo. Alivunjika mkono wa kulia, ule anaokandia unga.

Uchunguzi ulikuta saini ya Mama. Aliulizwa kama ni yake, akajibu ni yake, basi. Mimi nilisimama hatua mbili nyuma yake nikanyamaza kama maji ya mtungini. Wiki hiyo alikuwa apandishwe kuwa msimamizi mkuu wa karakana. Badala yake alipewa ile barua ya onyo, nafasi ikaenda kwa mwingine, na miaka kumi na saba tangu hapo Mama amebaki mezani.

Mimi aliniambia jambo moja tu. Alitaka niisambaze madukani mikate ya yule mwoka mikate, kila alfajiri, mpaka mkono upone. Ikawa wiki saba. Nilijua kila duka lake, kila kona na kila bibi aliyelalamika kuwa mkate umebonyea. Wiki ya mwisho Mama aliniuliza gari lile linataka shafti gani. Nikamwambia ya chini kabisa. Akanipa, nikaifunga.

Rasimu ya wasifu huu nilimpa aisome juzi. Aliketi na penseli, akacheka penye habari za watu wa rangi, akasahihisha mwaka mmoja, kisha akazikata kwa mstari aya zote za mwoka mikate. Aliniambia, mwanangu, ukilichapa hili watakunyang'anya meza, na mimi cheti nitakitundika wapi, kuta za nyumba yangu zimejaa bila hicho. Nina miaka hamsini na bado ananiita mwanangu.

Nimezirudisha aya zote. Leo asubuhi nimepiga moyo konde nikampelekea meneja maelezo haya haya, yenye jina langu, nikaomba barua ile itolewe kwenye faili lake iwekwe kwenye langu. Hajanijibu. Kama Jumatatu kiti atapewa mwingine, nitamwonyesha mahali jedwali lilipo.

Mama, kwa niaba ya karakana nzima tunakushukuru kwa mikono yako, ukali wako na subira yako. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na wajukuu wasiokuchosha. Na kwa niaba yangu peke yangu, mbele ya wenzetu wote, miaka kumi na saba baadaye: nisamehe, Mama.