Mwalimu Eliakim Wanyonyi na Maandishi Yaliyokataa Kukoma

Waombolezaji wapendwa, jamaa yawasomea safari ya Mwalimu Eliakim Wanyonyi, aliyezaliwa Ndalu tarehe 14 Machi 1961, mwana wa tatu wa mama Nakhungu, akasoma shule ya msingi papo hapo Ndalu, akamaliza sekondari Kimilili mwaka 1980, akasomea ualimu, na kuanzia Januari 1985 akafundisha hisabati Kitale, kisha Bungoma tangu 1999. Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa kanisani na Nakhumicha, Mungu akawajalia Viola mwaka 1990 na Barasa mwaka 1993.

Mwaka 2003, yeye na rafikiye Uday, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Kitale, walijipatia kalkuleta za kuchora grafu, za aina moja, wakajifunza kuziandikia programu kwa lugha ya mashine yenyewe, na hapo ndipo ulipoingia wivu ambao marehemu alituagiza tusiufiche leo. Katika maonyesho ya walimu wa hisabati mjini Kitale, Julai 2005, kalkuleta ya Uday iliandika KARIBU ikanyamaza, ya Eliakim ikaandika KARIBU na kuburuta mkia wa alama zisizosomeka, wanafunzi wakaangua kicheko, na mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo ni Kibukusu ama?"

Tangu siku hiyo hakutulia, akayahamisha maandishi huku na huku kwenye kioo, akafuta, akaiandika programu upya, na mkia ukabaki palepale. Nakhumicha alipomwambia, "Si umuulize Uday tu, baba Viola," alijibu kwamba afadhali aitupe mashine Mto Nzoia. Kila Diwali Uday alileta ladu, zile tamutamu za mviringo za Kihindi, watoto wakazifurahia, naye hakuonja hata moja, akisingizia meno.

Mei 2008 figo zake zilianza kudhoofika, na mwezi wa Oktoba akalazwa hospitalini Bungoma. Tarehe 29 Uday alimjia na ladu zake kama kawaida, na marehemu, akiona siku zimempungukia, alikimeza kiburi, akamwuliza ule ugonjwa wa mkia kwenye kalkuleta aliutibu vipi.

Uday aliinamisha kichwa. "Sikuutibu, mwalimu. Niliandika nafasi tupu juu ya ule mkia, ukafichika. Na mimi nimekuonea wivu miaka hii yote, grafu zako zinachorwa haraka, zangu zinatambaa."

Eliakim alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Ndipo wakaisoma programu pamoja, mstari kwa mstari, wakagundua kwamba mashine ile huandika herufi baada ya herufi mpaka ikute sifuri ya kuisimamisha, isipoikuta huendelea kumwaga chochote kilichomo katika kumbukumbu yake, na sifuri hiyo hakuna kati yao aliyeiweka. Wakaiweka, KARIBU ikaandikika, ikakoma. Marehemu akaomba ladu, akaila yote, akalalamika kwamba sukari imezidi.

Alituacha alfajiri ya tarehe 6 Novemba 2008. Jamaa yawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Ndalu waliokesha nasi, na walimu wenzake wa Kitale na Bungoma. Kalkuleta yake, kwa agizo lake, imekabidhiwa Uday.

Pumzika kwa amani, Eliakim, uliyemwonea wivu ameketi hapa mstari wa mbele, analia.