Kisima cha Ndambuki Kifungwe

Sogeeni karibu, wanangu, Maluki na wewe Nzilani, na mtu azime hiyo redio, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitarudia. Shamba mgawane kama baba yenu alivyowaonyesha kabla hajatuacha. Neno langu ni kisima: kifukiwe.

Nakikumbuka kabla hakijawa na maji. Tulikuwa tumehamia hapa Mugutha kutoka Ukambani, na baba yenu Ndambuki alichimba kiangazi kizima huku mimi nikivuta ndoo za udongo, hadi siku moja akaita kutoka chini akicheka kama mtoto, akapanda juu na tope hadi masikioni. Chai tuliyopika jioni ile, sijawahi kunywa nyingine tamu hivyo. Wanawake wa hapa wote walikuja kuteka na kufua kwetu, tukipiga domo mpaka nguo zikauke kwenye ua, na baba yenu hakumfukuza hata mmoja. Nimeyakosa sana makelele yale.

Sasa kuna kile kiwanda cha rangi hapo juu, na wapimaji wa maji walituambia sote tukisikia kwamba kemikali zake zimepenya ardhini mpaka kwetu. Maluki, usinikunjie uso. Unasema utachemsha. Moto unaua vijidudu, mwanangu, hauui kemikali. Maji yatapungua sufuriani na sumu itabaki palepale. Najua unakipenda kwa sababu ni jasho la baba yako, hata mimi kinaniuma. Lakini majirani bado wanateka na kuwapa watoto, kwa kuwa wanaliamini jina la Ndambuki.

Nzilani, usinyamaze baada ya mazishi. Nenda na majirani kaunti, mrudi tena na tena mpaka mletewe maji ya bomba na kiwanda kiulizwe. Na chai ya matanga yangu ipikwe kwa maji ya kununua, sitaki watu waje kunililia wanywe sumu.

Niinulie mto... hapo. Maluki, nakujua, nikifumba macho utasema tungoje kidogo. Kwa hiyo udongo utakaobaki kaburini kwangu, uubebe mwenyewe ukaumwage kisimani, ndipo mawe yafuate. Hapo hakuna mtu atakayethubutu kukifukua, hata wewe.

Mungu awatunze... mpendane... wajukuu wangu wanywe maji safi. Nishikeni mkono. Msiogope kwamba mmemkosea baba yenu... nitamweleza mwenyewe.